Wilberforce asiye na koti

Ninapofundisha uchoraji wa sura kwa rangi za mafuta, huanza na picha ambayo haikumalizwa: William Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, kazi ya mchoraji Thomas Lawrence ya mwaka 1828, iliyopo National Portrait Gallery, London. Kichwa kimekamilika, mvi na macho maangavu vyote vipo. Kuanzia shingoni kushuka ni mistari ya haraka tu, na sehemu kubwa ya turubai imeachwa tupu.

Wanafunzi hudhani mchoraji alikufa brashi ikiwa mkononi. Sivyo. Lawrence alifariki Januari 1830. Ila desturi yake ilikuwa kuanza na kichwa: anakichora kwa chaki juu ya turubai, kisha anakitia rangi, nguo zisubiri zamu yake. Na kwa kuwa alipokea kazi kupita uwezo wake, nyingi hazikufika kwenye nguo.

Sasa tazama kichwa kilivyolala upande. Wilberforce alikuwa na miaka 68, uti wa mgongo umepinda, na ndani ya nguo alivaa mkanda wa chuma uliofunikwa ngozi ili mwili usimwangukie mbele. Mchoraji mwingine angemnyoosha. Lawrence alimwacha aegemee, na ulemavu ukawa mkao wa mtu anayekusikiliza kwa makini. Hapo namvulia kofia, ingawa wafalme aliowachora mimi huwaona kama wamepakwa mafuta ya nazi.

Aliyeketi pale alikuwa amestaafu ubunge tangu 1825. Sheria ya 1807 aliyoipigania ilipiga marufuku biashara ya watumwa, si utumwa wenyewe. Watu wa Karibiani walikuwa bado wanamilikiwa. Muswada wa kuwaachia huru ulipita katika Bunge la Makabwela tarehe 26 Julai 1833, naye akafa siku tatu baadaye. Huku kwetu soko la Zanzibar lilifungwa 1873.

Wapo wanaosema picha ilibaki nusu kwa sababu ukombozi nao ulibaki nusu. Maneno matamu, lakini Lawrence alikuwa na wateja wengi tu.

Zoezi ninalotoa ni hili: chora kichwa, kingine usiguse. Wachache huweza. Kesho yake nakuta vifungo vya koti vimeshatiwa rangi.