Neno "ametoroka" linaficha mengi

Mwezi uliopita nilikaa na muuguzi mwenzangu tukifunga mafaili ya wateja wa methadoni, dawa ya kunywa kila siku wanayopewa waraibu wa heroini, ambao walikuwa hawajaonekana kwenye dirisha la dawa kwa zaidi ya siku 30. Kila fomu ina mstari mmoja: sababu ya kuondoka. Faili la kwanza, ametoroka. La pili, ametoroka. Tulipofika la tano nikamwomba asimamishe kalamu, maana huyo nilimjua. Hakutoroka. Alikamatwa maskani, kijiweni wanakokutana watumiaji, siku ya Ijumaa, akapelekwa mahabusu, kesi ikaahirishwa mara tatu. Mama yake alikuja mpaka getini kutuambia. Aliyempokea alimpa pole, lakini hakuandika popote.

Nawaeleza kwa nini neno hilo moja linanikosesha usingizi. Kijana huyu alikuwa anakunywa miligramu 90 kwa siku. Ukikosa methadoni siku chache mfululizo, mwili unaanza kupoteza uzoefu wake wa dawa, na baada ya wiki kadhaa ile dozi iliyokuwa inakuweka sawa inaweza kukusimamisha pumzi. Kwa hiyo anayerudi huanzia chini, miligramu 20 au 30, na kupandishwa polepole. Hatari hiyohiyo ipo mtaani: akitumia kete za heroini kwa kipimo alichokizoea zamani, anaweza asiamke. Wiki nne za kwanza baada ya kuacha tiba, au baada ya kutoka gerezani, ndizo zenye vifo vingi zaidi vya kuzidisha dawa. Faili likisema "mahabusu", tunajua siku ya kumsubiri na dozi ya kumwanzishia. Likisema "ametoroka", hakuna anayemsubiri. Na kweli, aliporudi aliambiwa asubiri kundi jipya, kama mtu aliyeidharau tiba.

Marekani, kwenye takwimu zao za kitaifa za tiba ya uraibu, hutenganisha sababu za kuondoka: aliyemaliza, aliyeacha mwenyewe, aliyeondolewa na kituo, aliyehamishwa, aliyefungwa, aliyefariki, na mengineyo. Orodha hiyo ni nzuri kuanzia, lakini kwangu haitoshi, kwa kuwa inajibu maswali matatu kwa neno moja. Nani aliamua aondoke? Aliondoka akiwa katika hali gani? Na amekwenda wapi?

Swali la nani aliamua ndilo gumu zaidi kwetu, hasa wodi za afya ya akili. Fikiria dada aliyelazwa kwa sababu anasikia sauti. Siku ya sita, usingizi umeanza kurudi, wajomba wanafika na teksi wanataka kumpeleka kwa mganga Tanga. Baba anasaini karatasi. Fomu inaandikwa "ameondoka kinyume na ushauri wa daktari", na miezi minne baadaye anaporudi amedhoofika, anapokewa kama mgonjwa mkaidi. Yeye hakusema neno! Waliomwondoa ni ndugu, na tungeliandika hivyo, tungejua kwamba wa kuzungumza nao mapema ni wajomba.

Upo pia upande wa pili. Mgonjwa ameruhusiwa, daktari ameshasaini, na nyumbani hakuna anayekuja kumchukua. Anakaa wodini wiki, wakati mwingine miezi, akiwafagilia wauguzi uwanja. Kwenye hesabu za siku za kulazwa anaonekana mgonjwa sugu, wakati ugonjwa wake ulishatulia. Siku zake baada ya ruhusa zingehesabiwa peke yake.

Kuna kuondolewa na kituo. Dirishani, mteja akishakunywa tunampa maji na kumwomba aseme jina lake, tuhakikishe dawa imeshuka. Anayeificha mdomoni akaiuze nje huonywa, na akirudia vituo vingi humwondoa. Sibishi haja ya kuwalinda wengine. Ninachokataa ni kumwandika "ameacha tiba". Tulimtoa sisi. Mwaka ukiisha na kituo kikaona kimewatoa watu wengi kwa kosa hilohilo, kitajiuliza kama dozi zake ni ndogo mno, maana baadhi huuza wakanunue unga unaowafikisha asubuhi.

"Amemaliza" nalo nalitumia kwa uangalifu. Kwenye nyumba za soba, wanakokaa waraibu wakijifunza kuishi bila dawa za kulevya, mara nyingi maana yake ni kwamba siku zilizopangwa zimekwisha. Kwenye methadoni tiba haina ukomo wa kalenda; tangu Muhimbili ilipoanza kuitoa mwaka 2011, wapo wanaoihitaji kwa miaka mingi kama wa presha wanavyohitaji vidonge vyao, na wapo waliopunguziwa taratibu mpaka sifuri. Hawa wa mwisho ndio wahitimu. Aliyemaliza siku zake bila pa kulala wala kazi simweki kundi moja na mhitimu, hata kama wote wawili wameaga vizuri na kupigiwa makofi.

Wanaohamishwa sina mengi ya kuwasemea, ila hili: barua ya rufaa haitoshi kumhesabu mtu kuwa amehamishwa. Nampigia mfamasia wa kule aniambie amekunywa. Mpaka hapo, kwangu bado yuko njiani.

Sasa tumekubaliana kituoni kwamba hakuna kuandika "ametoroka" kabla ya kupiga simu tatu na kumtuma mwelimishaji rika maskani. Ikishindikana tunaandika "hajapatikana", pamoja na tarehe ya dozi ya mwisho na miligramu zake. Na siku ya kwanza ya usajili tunachukua namba za watu wawili, mmoja awe mama, shangazi au bibi, kwa kuwa simu ya mteja mwenyewe, tukimtafuta mwezi wa pili, mara nyingi inapokewa na aliyeinunua.