Mamlaka 14, swali moja: Australia, 1944

Katika kufundisha sheria ya katiba, hakuna kura ya maoni ninayoirejea mara nyingi kama ile ya Australia ya Agosti 19, 1944.

Wakati wa vita, serikali kuu ilipanga bei, ikagawa nguo na chakula kwa mgawo, ikaelekeza nani afanye kazi wapi. Yote hayo yalisimama juu ya mamlaka ya ulinzi katika katiba, na Mahakama Kuu iliyatafsiri kwa upana. Tatizo ni kwamba mamlaka hayo hunywea amani ikirudi. Waziri Mkuu John Curtin aliogopa askari warudi wakute ukosefu wa kazi kama wa miaka ya 1930.

Mwishoni mwa 1942 viongozi wa majimbo walikubali kuikabidhi Canberra, yaani serikali kuu, mamlaka kwa muda, lakini mabunge kadhaa ya majimbo hayakuupitisha mpango huo kama ulivyokubaliwa. Ndipo wananchi wakaulizwa: mambo 14, kwa miaka mitano baada ya vita. Humo mlikuwa na ajira, bei, afya, masuala ya Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia), hata upana wa reli (majimbo yalikuwa yamejenga reli za upana tofauti!). Juu yake, wakili Evatt, Mwanasheria Mkuu, akaongeza ulinzi wa uhuru wa kusema na wa dini. Jibu lilikuwa moja tu: Ndiyo au Hapana.

Ndiyo ilipata kama 46%, ikashinda katika majimbo mawili kati ya sita. Na Curtin alikuwa ameshinda uchaguzi kwa kishindo mwaka mmoja tu nyuma! Wapinzani, wakiongozwa na Robert Menzies, kiongozi wa upinzani, waliwaambia watu kwamba mgawo wa vita utakuwa wa kudumu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, ila mimi naulaumu zaidi ule mtindo wa kufunga mambo yote 14 katika swali moja: aliyechukia jambo moja alilazimika kuyakataa yote.

Mwaka 1946 yaliulizwa maswali matatu, kila moja peke yake. La huduma za jamii lilipita majimbo yote sita. Mengine mawili yalipata kura nyingi nchi nzima lakini majimbo matatu tu, na katiba inataka manne. Kwa hiyo kutenganisha husaidia, hakutoshi: la bei na kodi za nyumba, 1948, lilishindwa kila jimbo. La Waaborijini lilisubiri hadi 1967, likapita kwa zaidi ya 90%.

Reli ya upana mmoja kati ya Sydney na Melbourne ilifunguliwa 1962, kwa makubaliano na fedha za serikali kuu, bila kugusa katiba.