Betri ya veipu haipandi ndege kwenye begi la chini

Kila msimu wa safari malalamiko ya abiria kwetu wakaguzi wa mizigo wa uwanja wa ndege ni yaleyale: "mmenichukulia betri zangu", "mbona mara iliyopita nilipita nazo?" Safari hii tumeona tuandike, hasa kwa kundi moja: watumiaji wa veipu (sigara za kielektroniki) za kujijengea, yaani zile ambazo tangi la kimiminika hufunguliwa, mtu akafunga waya na pamba kwa mkono wake, na betri zake huchomolewa. Ieleweke mapema kwamba makala haya hayampigii debe mtu yeyote atumie veipu. Nikotini ina uraibu, na wenzetu wa afya ndio wenye neno hilo. Sisi tunazungumzia moto.

Veipu iliyofungwa kiwandani ilishaamuliwa na mhandisi: koili gani, yaani waya unaopata moto na kuchemsha kimiminika, ikae na betri gani. Ukijijengea, mhandisi ni wewe. Hapo ndipo wengi wanapochukulia mambo kijuujuu, kwa sababu kukunja waya ni rahisi na kuna video nyingi za kukufundisha. Kukunja si kazi. Kazi ni hesabu inayotangulia.

Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Zigawe kwa ukinzani wa koili, unaopimwa kwa omu, utapata mkondo utakaovutwa, unaopimwa kwa ampea. Koili ya omu 0.5 inavuta ampea 8.4. Koili ya omu 0.2 inavuta ampea 21. Sasa isome betri yako: betri ya modeli ya Samsung 25R imekadiriwa ampea 20 mfululizo, na 30Q, ambayo watu huikimbilia kwa sababu inadumu na chaji zaidi, imekadiriwa 15. Maana yake ile koili ya 0.2 inazizidi zote mbili. Hesabu hiyo ni ya kifaa kisicho na chipu ya kudhibiti umeme, ambacho kitufe kinaunganisha betri na koili moja kwa moja. Kifaa chenye chipu kina hesabu yake: chukua wati ulizoweka, gawa kwa volti za betri inapokaribia kuisha. Wati 60 kwa betri moja iliyoshuka hadi volti 3.2 ni karibu ampea 19, na chipu nayo inakula kidogo. Kama huna kipimo cha omu, usijenge. Sina namna ya kulisema hili kwa upole zaidi.

Halafu kuna habari ya mAh, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Abiria ananionyesha betri ya 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 na ananiambia ameinunua kwa bei nzuri. Namba 18650 ni vipimo tu, milimita 18 kwa 65, na katika ukubwa huo hata kiwanda bora duniani hakifikii nusu ya hizo mAh. Aliyedanganya kwenye ujazo atakuwa mkweli kwenye ampea? Isitoshe, LG na Samsung wenyewe wameshasema kwamba seli zao za aina hii hazikutengenezwa ziuzwe mojamoja kwa mtu wa kawaida. Ukizinunua hivyo, umejitwisha jukumu la kuzilinda.

Kuzilinda kunaanzia kwenye ganda. Watu wengi hudhani upande hasi ni kitako cha chini tu. Sivyo: kopo lote la betri ni hasi, kuanzia chini mpaka kwenye bega la juu, na kinacholitenga na ncha chanya ni plastiki nyembamba na kipete cha karatasi au plastiki. Plastiki ikichanika pale juu, chuma chochote kikigusa pande mbili kinaleta shoti. Maganda mapya ni bei ya chini, hunywea kwa joto na kukaza. Badilisha mara uonapo mchaniko, usisubiri. Betri iliyobonyea au inayovuja haina matengenezo. Kama kifaa chako kinatumia mbili, zinunue pamoja, zichaji pamoja na zizeeke pamoja; usichanganye mpya na ya zamani.

Kwa nini tunang'ang'ania ganda? Mamlaka ya zimamoto ya Marekani ilikusanya matukio 195 ya veipu kuwaka au kulipuka yaliyoripotiwa na vyombo vya habari nchini humo kati ya 2009 na 2016. Matukio 61 yalitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni. Mfukoni, si mdomoni, na wala si kwenye chaja, ambako yalikuwa 48. Funguo, sarafu na betri isiyo na kasha katika mfuko mmoja wa suruali ni kitu ninachokiona kila wiki, na mwenyewe anashangaa nikimzuia. Wakati wa kutunga ripoti ile hakukuwa na kifo kilichorekodiwa. Baadaye vilitokea, Florida 2018 na Texas mwanzoni mwa 2019.

Sasa ndege. Agosti 2014, uwanja wa Logan mjini Boston, veipu iliyokuwa ndani ya begi lililokabidhiwa ilisababisha moto kwenye sehemu ya mizigo na abiria wakateremshwa. Januari 2015 begi jingine liliungua Los Angeles. Mwaka huohuo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likakataza veipu kwenye mizigo ya kukabidhi, yaani begi la chini. Abiria huniambia, kwa nia njema kabisa, "nimeiweka chini ili iwe mbali na watu." Ndilo kosa lenyewe. Gesi ya kuzimia moto iliyoko kule chini inaweza kufifisha miali, lakini betri iliyokwisha kuanza kujichemsha inazalisha joto lake yenyewe na kuwasha ya jirani yake. Juu, mhudumu anaiona na anaimwagia maji ipoe. Chini hakuna mhudumu.

Utaratibu, basi, ni huu. Kifaa, tangi na betri zote zinakaa kwenye begi la mkononi. Betri za akiba na zilizochomolewa, kila moja inakaa kwenye kasha lake la plastiki. Huna kasha, funika ncha zake kwa utepe wa umeme. Kifaa kinafungwa kitufe au kuondolewa betri kabisa. Kikomo ni wati-saa 100 (kipimo cha nishati) kwa betri, na 18650 ya mAh 2,500 ina wati-saa 9 tu, kwa hiyo ukubwa wa betri si hoja. Hoja ni mahali ilipo na jinsi ilivyofungwa. Chupa ya kimiminika isizidi mililita 100, ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Ndani ya ndege huruhusiwi kuvuta wala kuichaji. Tangi liondoe kimiminika kabla ya kupaa, maana hewa iliyomo hutanuka na kitamwagikia nguo zako. Ukifika, kabla ya kubonyeza, pima omu upya: skrubu hulegea kwa mtikisiko, na mguu wa koili ukigusa ukuta wa chuma ni shoti.

Tukiona betri kwenye picha ya begi la chini, begi linawekwa kando, mwenyewe anaitwa, linafunguliwa mbele yake, kitu kinatolewa, na taarifa inaandikwa. Usipopatikana, wewe unaruka, begi linabaki uwanjani. Usimgombeze kijana wa kaunta. Hana mamlaka ya kukuruhusu.

Na kupita kwetu si ruhusa ya kule uendako. Oman imepiga marufuku biashara ya veipu na shisha za kielektroniki kwa uamuzi wa mwaka 2023, wenye faini ya hadi rial 1,000, ambayo huongezeka maradufu kosa likirudiwa. Ndugu zetu wa Zanzibar wanaokwenda Muscat na "zawadi" kadhaa za veipu kwa binamu wazingatie kwamba vipande vingi vinafanana na biashara. Uganda nayo ilikataza kuingiza na kuuza kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015. Qatar ilikataza 2014, ilhali Falme za Kiarabu ziliruhusu uuzaji 2019, jambo linalowachanganya wanaounganisha ndege huko. Uliza ubalozi au shirika lako la ndege kabla ya kufunga begi.

Swali linalobaki ni kama betri zilizotolewa hurudishwa. Kama una msindikizaji ambaye bado yuko nje, tutakusubiri umkabidhi. Kama hayupo, zinabaki kwetu.