Nani Anamsukuma Nani? Dhana potofu za kani na mwendo, kuanzia mwaloni

Jioni moja mwaloni Kirumba, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga hapa Mwanza, nilikuwa nimesimama na wanafunzi wangu wanne wa tuisheni, wote kidato cha pili, tukitazama mtumbwi unaingia na sangara. Ulipobakiza kama mita 15 kufika mchangani, kijana aliyekaa nyuma alizima injini na kuiinua ili pangaboi lisije likagonga mawe. Injini ikanyamaza. Mtumbwi haukusimama, ulizidi kuja, ukakwaruza mchanga, ndipo ukatulia. Nikawauliza: tangu injini ilipozimwa, nini kilikuwa kinausukuma mtumbwi mbele?

Wakajibu karibu kwa pamoja: “Ni ile nguvu ya injini iliyobakia ndani, mwalimu.”

Jibu hilo halitokani na ujinga. Jean Buridan, mwanachuoni wa Paris wa karne ya 14, alifundisha jambo linalofanana nalo: kwamba anayerusha jiwe hutia ndani yake kitu fulani kinachoendelea kulipeleka baada ya mkono kuachia. Zilipita karne tatu na zaidi mpaka Isaac Newton alipotoa sheria zake za mwendo mwaka 1687. Mtoto wa Kirumba anayekosea hapo amekosea mahali walipokosea wakubwa.

Kwetu sisi kosa limejificha ndani ya neno “nguvu”. Injini ina nguvu, ugali unatia nguvu, jiwe limekuja kwa nguvu, mwenye nguvu mpishe. Neno moja linabeba mizigo mingi mno. Fizikia imeigawa mizigo hiyo: kani ni kusukuma au kuvuta, nishati ni uwezo wa kufanya kazi, momenta ni tungamo (wingi wa kitu chenyewe, unaopimwa kwa kilo) mara mwendokasi. Nishati na momenta kitu kinaweza kuwa navyo. Kani hakiwezi kuwa nayo hata chembe, kwa sababu kani ni jambo linalotokea baina ya vitu viwili. Injini ikiacha kuyasukuma maji, kani yake imekwisha papo hapo, haiachi akiba. Ndiyo maana mtu akinitajia nguvu, swali langu ni moja: nani anamsukuma nani?

“Kitu kikiwa kinakwenda, lazima kuna kinachokisukuma”

Turudi kwenye mtumbwi. Pangaboi liko hewani, haligusi maji. Upepo umetulia. Nani anausukuma mbele? Hakuna. Anayeusukuma yupo, ila anausukuma nyuma: ni maji ya ziwa, yanayogandamizwa mbele ya omo na kusuguana na mbao za ubavuni. Mtumbwi hausimami kwa kuishiwa nguvu. Unasimama kwa sababu maji, na mwishoni mchanga, vinausimamisha.

Tofauti ya kauli hizo mbili, “umeishiwa nguvu” na “umesimamishwa”, ni kubwa. Ya kwanza inasema kusimama ndiyo hali ya asili, na mwendo ni ugeni unaohitaji kulishwa kila dakika. Ya pili inasema mwendo haudai chakula chochote. Kinachodai kani ni kubadilika kwa mwendo: kuanza, kusimama, kuongeza kasi, kukata kona. Kama maji na hewa visingezuia, mtumbwi uliosukumwa mara moja kutoka Kirumba ungefika Ukerewe injini ikiwa imezimwa, kwa kasi ileile ulioondokea.

Hapo wanafunzi huuliza swali zuri: basi kwa nini mvuvi anachoma petroli njia nzima? Kwa sababu maji nayo yanamzuia njia nzima. Mtumbwi unapokwenda kwa kasi isiyobadilika katikati ya ghuba, kani ya injini mbele na kani ya maji nyuma zimelingana kabisa, na jumla yake ni sifuri. Sifuri, sawa na mtumbwi uliofungwa gatini. Darasa zima hukataa nikisema hivyo, na nafurahi wanapokataa, maana ndipo wanapoanza kufikiri. Injini ikizidi maji, kasi inapanda. Lakini kadiri kasi inavyopanda ndivyo maji yanavyozuia zaidi, mpaka zilingane tena, mtumbwi ukiwa kwenye kasi mpya.

Jambo hilohilo linajibu wale wanaosema ukiruka juu ukiwa ndani ya kivuko cha Kamanga kinachokwenda, utaangukia nyuma ya pale uliporukia. Huangukii nyuma. Ulikuwa unakwenda pamoja na kivuko kabla ya kuruka, na ukiwa hewani hakuna aliyekunyang'anya mwendo huo. Galileo aliliandika hilo kwa mfano wa meli mwaka 1632.

“Breki imenirusha mbele”

Daladala inashuka kuelekea Mabatini, bodaboda anakatiza, dereva anakanyaga breki. Abiria wote wanakwenda mbele, mama wa kiti cha nyuma anashika bega la aliye mbele yake, na kila mtu anasema breki imemrusha. Nani amemsukuma mama yule mbele? Mtafute, humpati. Gari ndilo lililopunguzwa mwendo na kani ya lami kwenye matairi. Yeye ameendelea na mwendo aliokuwa nao, kwa sababu bado hakuna kilichomzuia. Tabia hiyo ya kitu kubaki katika hali yake huitwa inesha.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu dhana hii inaumiza watu. Nimewaona wazazi wengi wakimpakata mtoto kiti cha mbele, wakiamini mikono yao itamshika. Tupige hesabu. Gari liko kwenye kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Linagonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtoto ana kilo 10. Ili asimame pamoja na gari anahitaji kani ya nyutoni 1,400 hivi (nyutoni ni kipimo cha kani) kumvuta nyuma. Hiyo ni sawa na kunyanyua kilo 140, karibu magunia matatu ya kilo 50, kwa ghafla na bila kujiandaa. Hakuna mikono ya mzazi inayoweza hilo, hata awe na mapenzi kiasi gani. Mkanda unaweza, na kazi yake ni hiyo tu: kuwa yule anayekuvuta nyuma, badala ya kioo.

Kwenye kona ni hivyohivyo. Unapohisi unatupwa nje, hakuna anayekutupa. Gari linakata kona, wewe bado unakwenda mbele moja kwa moja, mpaka ubavu wa gari ukusukume kuelekea ndani.

“Kilichotulia hakina kani”

Litazame Jiwe la Bismarck pale ufukweni mwa Mwanza. Limekaa juu ya wenzake kama limesahaulika, nalo linavutwa na dunia chini kila sekunde, na miamba iliyo chini yake inalisukuma juu kwa kani ileile. Halianguki kwa sababu mstari wa uzito wake unapita ndani ya eneo lilipokalia. Kutulia si kukosa kani, ni kani kulingana. Nguzo za daraja la Kigongo na Busisi nazo zimetulia, na sidhani yupo atakayesema hazifanyiwi chochote.

“Kama kani ziko mbilimbili na zinalingana, basi zinafutana”

Hii inawasumbua hata walimu. Newton alisema ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa kani ileile kuelekea upande wako. Mwanafunzi anasema: basi kila kitu kitaganda.

Jibu liko kwenye kasia. Ukizamisha ubapa wa kasia na kuvuta, unayasukuma maji nyuma. Utayaona yakizunguka katika viduara viwili vidogo, kimoja kila upande wa ubapa, na kubaki nyuma. Nayo maji yanalisukuma kasia mbele, kasia linausukuma mkono, mwili unausukuma mtumbwi. Kani ya kwanza imefanyika juu ya maji, ya pili juu yako. Haziwezi kufutana kwa sababu haziko juu ya kitu kimoja. Kuuliza kwa nini hazifutani ni kama kuuliza kwa nini deni langu halifuti la jirani.

Aliyewahi kuruka kutoka mtumbwini kwenda gatini bila mtumbwi kufungwa analijua hili kwa mwili wake. Una kilo 60, mtumbwi una kilo 80. Ukijirusha mbele kwa mita 1.5 kwa sekunde, mtumbwi unarudi nyuma kwa zaidi ya mita 1.1 kwa sekunde, na miguu yako inakosa pa kujikazia ungali hujamaliza kuruka. Wengi wanadhani mtumbwi “umeteleza”. Wameusukuma wao. Funga kamba kwanza.

“Kizito huanguka haraka”

Kwa hili hatukubishana, tulipanda mwamba. Jiwe la kilo moja na jiwe la kilo tano, mwanafunzi mmoja juu, watatu chini wakisikiliza. Kutoka mita 5 yote mawili yalitumbukia kwa mlio mmoja, baada ya sekunde moja hivi. Dunia hulivuta jiwe kubwa mara tano zaidi, lakini jiwe hilo nalo ni gumu mara tano zaidi kulibadilisha mwendo. Jani huchelewa kwa sababu hewa inalizuia. Mahali pasipo na hewa halichelewi. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya mwezini, vikagusa udongo pamoja.

“Uzito wa gunia ni kilo 50”

Sokoni sitamsahihisha mtu, lakini darasani kilo ni tungamo. Uzito ni kani ya dunia juu ya gunia hilo, nyutoni 490 hivi. Chukua gunia la dagaa mpaka mwezini: mizani ya mawe, yenye sahani mbili, itasoma kilo 50 kama Mwanza, kwa sababu mawe nayo yamepungukiwa uzito kwa kiasi kilekile. Mizani ya springi ya kuning'iniza itasoma kama kilo 8. Dagaa ni walewale.

“Kasi ikizidi mara mbili, hatari nayo ni mara mbili”

Hapana, ni mara nne. Nishati mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi. Kwenye lami kavu, gari lenye breki nzuri likiwa kilomita 40 kwa saa husimama ndani ya mita 9 hivi baada ya breki kushika. Likiwa kilomita 80 linahitaji mita 36. Hapo hujahesabu mita alizokwenda kabla mguu wa dereva haujafika kwenye pedeli. Mvua ikinyesha, ongeza.

Nishati hiyo yote haipotei. Inageuka joto kwenye breki, ndiyo maana gari lililoshuka mlima wa Bugando hunuka karibu na magurudumu.

Jioni ile ya mwaloni tulikuwa tunajiandaa kuondoka, mmoja wa wale wanne akauliza: na nishati ya mtumbwi ule, ilikwenda wapi? Tukakadiria: kilo 600 pamoja na samaki, mita 3 kwa sekunde, jumla juli 2,700 (juli ni kipimo cha nishati). Ingetosha kuipasha glasi moja ya maji nyuzi 2 na nusu tu. Sehemu ilikwenda kwenye mchanga uliokwaruzwa, sehemu imeyapasha maji ya ziwa kwa kiasi ambacho hakuna kipimajoto kingekiona. Nyingine ilikuwa bado njiani. Nikamwonyesha mawimbi madogo ya mtumbwi ule, yalikuwa yakifika mchangani moja baada ya jingine, yakivilowesha viatu vyake.