Anayekufa wa kwanza afanye nini? Namna ninavyochagua gemu ya bure kwa kundi la marafiki

Chumba changu cha gemu kiko Mwanga, mjini Kigoma, na kwa kuwa mchana nafanya ufundi wa mitandao ya kompyuta, watu hunijia na maswali wanayodhani ni ya kiufundi kumbe ni ya kijamii. Linalorudi kuliko yote ni hili: tuko marafiki watano au sita, hatuna fedha za kununua gemu, kila mmoja anapenda kucheza kwa namna yake, sasa tucheze nini mtandaoni? Wanaouliza hutarajia niwatajie jina moja waondoke. Mimi huanza kwa kuwauliza ni nani kati yao hufa wa kwanza ndani ya gemu, na mara nyingi wote hugeuka kumtazama mtu mmoja.

Kundi lililonifundisha kuuliza hivyo lilikuwa la watu sita waliosoma sekondari pamoja. Watatu wako hapa mjini, mmoja yuko Kasulu, mmoja Dar es Salaam, na wa sita alihamia Bujumbura kwa ndugu zake. Walikuwa wamechagua gemu ya kupigana hadi ibaki timu moja, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa na kila mtu. Jioni moja wale watatu wa hapa walicheza chumbani kwangu, na dada mmoja anayeuza dagaa Kibirizi akauawa dakika ya pili baada ya kutua. Aliilaza simu mezani, akafungua karanga zake, akawa anazimenya moja moja huku wenzake wakinong'onezana mambo ya mlima na nyumba ya buluu. Karanga ziliisha kabla ya mechi. Aliponiona napita akaniuliza, "Fundi, mimi nikishakufa kazi yangu ni nini?"

Swali lake lina hesabu ndani yake. Chukua gemu mbili za aina hiyo. Katika PUBG Mobile, iliyotoka mwaka 2018, mechi ya kawaida huingiza watu 100 na inaweza kufika nusu saa. Free Fire ya mwaka 2017 huingiza watu 50 na huisha kwa dakika kumi hivi, jambo ambalo nadhani limechangia kupendwa kwake kwenye simu za bei nafuu, pamoja na wepesi wake. Tuseme dada yetu anakufa mapema katika mechi tatu kati ya nne, na wenzake wanadumu hadi karibu na mwisho. Katika gemu ya kwanza anaweza kukaa pembeni zaidi ya saa nzima katika jioni ya saa mbili. Katika ya pili anasubiri dakika chache kila mara, lakini bado anasubiri. Zipo njia za kumrudisha mwenzenu uwanjani katika baadhi ya ramani, ila huwategemea walio hai waache shughuli zao na kuhatarisha ushindi kwa ajili yake, na rafiki anayependa kushinda huanza kupiga hesabu kama mwenzake anastahili gharama hiyo. Hapo ndipo urafiki unapoanza kuchubuka.

Tofautisha na baraza la bao pale Ujiji. Wanaocheza ni wawili tu, lakini waliozunguka ubao hawakai bure: wanahesabu kete kwa macho, wanabeza mtaji uliopotezwa, wanachochea. Aliyefungwa anasogea kidogo tu na kuendelea kuwa sehemu ya shughuli. Gemu ya kundi lenye watu wa tabia mbalimbali inapaswa kumpa aliyeshindwa nafasi kama hiyo, na hicho ndicho kigezo changu cha kwanza, kabla ya uzuri wa picha na kabla hata ya bando.

Kuhusu hizo tabia mbalimbali, mtu aliyeziweka katika maandishi yanayotajwa hadi leo ni Richard Bartle, Mwingereza ambaye akiwa na Roy Trubshaw walitengeneza MUD katika Chuo Kikuu cha Essex kuanzia mwaka 1978, dunia ya maandishi matupu ambamo watu wengi waliingia kwa pamoja. Mwaka 1996 alichapisha makala iliyowagawa wachezaji katika makundi manne na kuyapa majina ya karata. Uru ni wachumaji: wanataka pointi, ngazi, hazina. Shupaza ni wadadisi, wanaochimba ili wajue dunia ile inafanyaje kazi na mipaka yake iko wapi. Kopa ni watu wa soga, ambao gemu kwao ni kisingizio cha kukaa na wenzao. Pau ni wale wanaofurahia kumpiga mwenzao. Mtu yeyote aliyewahi kushika karata kijiweni huuelewa mgawanyo huu kwa dakika moja, na mimi huutumia kila siku, ingawa nina tahadhari mbili. Bartle alikuwa akizungumzia dunia za aina ya MUD, ambamo mtu anaweza kufanya karibu lolote, na si mechi ya dakika kumi yenye lengo moja. Pia mtu hashiki karata moja maisha yake yote. Huyo dada wa Kibirizi ni kopa usiku baada ya kutoka sokoni, lakini mpe mchezo wa drafti mchana uone pau ilivyojificha.

Kosa ninaloliona kwa makundi mengi ni kutafuta gemu ambayo kila mtu anaipenda kiasi. Matokeo yake ni gemu ambayo hakuna anayeichukia na hakuna anayeisubiri jioni ifike. Tafuteni badala yake gemu ambayo ndani ya mechi moja ina kazi ya uru, kazi ya shupaza, kazi ya kopa na kazi ya pau, hata kama kila mmoja wenu ataipenda kwa sababu ambayo mwenzake haielewi.

Among Us, iliyotolewa na Innersloth mwaka 2018, ndiyo mfano ninaoutumia kueleza jambo hili, na kwenye simu haina malipo ya kuanzia. Mko ndani ya chombo cha anga, wengi ni mabaharia wenye kazi ndogo ndogo za kukamilisha, na mmoja au zaidi ni wasaliti wanaoua kwa siri. Maiti ikionekana kinaitishwa kikao, watu wanatuhumiana, wanapiga kura, na mmoja anaweza kutupwa nje. Mchumaji ana orodha yake ya kazi: aunganishe nyaya, apitishe kadi kwenye mashine ambayo ukiipitisha haraka inakataa na ukiipitisha polepole inakataa vilevile. Mdadisi hujifunza ni chumba gani kina kamera na njia za hewa zinatokea wapi. Mtu wa soga husubiri kikao. Mpigaji huomba kura ya usaliti imwangukie. Kilicho muhimu zaidi kwangu ni kwamba baharia aliyeuawa hubaki kama mzuka anayepita kwenye kuta na kuendelea kukamilisha kazi zake, na kazi hizo zinahesabika katika ushindi wa timu, huku mizuka wakiandikiana wenyewe kwa wenyewe bila walio hai kuwaona. Msaliti aliyetupwa naye bado anaweza kuharibu mitambo. Aliyekufa dakika ya pili ana kazi hadi dakika ya mwisho.

Ina kasoro zake. Inaruhusu wachezaji wanne hadi 15, lakini wakiwa wanne mechi huisha kabla haijanoga, kwa hiyo sishauri chini ya sita. Marafiki wa muda mrefu pia hufahamiana mno: yule kijana wa Kasulu akipewa usaliti huanza kukohoa, na baada ya wiki mbili kundi zima lilikuwa likipiga kura kwa kusikiliza kikohozi.

Kundi lenye shupaza wengi nalipeleka kwingine, kwenye Luanti, ambayo hadi mwaka 2024 ilikuwa ikiitwa Minetest. Ni programu huria iliyoanza mwaka 2010, ya dunia za vitalu, na ndani yake unapakua gemu mbalimbali zilizotengenezwa na watu wa kujitolea. Kutoka katikati ya dunia unaweza kusafiri karibu vitalu 31,000 kila upande, na chini pia, kwa hiyo mdadisi hatakwambia amemaliza. Ukifa unarudi mahali pa kuanzia papo hapo. Kompyuta ya zamani inaibeba, simu ya Android inaibeba, na mmoja wenu anaweza kuigeuza laptopu yake kuwa sava, yaani kompyuta inayoendesha gemu kwa niaba ya wote, na wengine wakaingia kupitia ruta ya chumbani bila intaneti hata kidogo. Nimewahi kuendesha jioni nzima namna hiyo mtandao ulipokatika mjini. Anayeteseka ni uru, kwa sababu hakuna anayempa ngazi wala medali, na anayepaswa kuchungwa ni pau, kwa sababu nyumba iliyojengwa siku tatu hubomolewa kwa dakika tatu. Mwenye sava aweke nyongeza ya kulinda majengo na azime uwezo wa wachezaji kupigana tangu siku ya kwanza, asisubiri malalamiko.

Mobile Legends na ndugu zake, zile za watu watano kwa watano, zina mgawanyo mzuri wa majukumu, na anayeuawa hurudi baada ya sekunde kadhaa, lakini zinadai mazoezi mengi na mchezaji mmoja dhaifu hulaumiwa na timu nzima. Za mpira wa miguu, kama eFootball, ni za wawili wawili zaidi kuliko za kundi.

Sasa nije kwenye mtandao, ambako watu wa Kigoma hujionea huruma kupita kiasi. Mwanga unaobeba data ndani ya mkongo wa intaneti husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Tukichukua urefu wa reli ya kati, Kigoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,250, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 12 na kidogo. Hiyo ndiyo faida ya umbali aliyonayo rafiki yenu wa Dar, na ni ndogo kuliko kufumba jicho. Umbali unaouma ni ule wa kutoka pwani kwenda kwenye sava: ikiwa iko Ujerumani, kwa mfano, ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka, yaani milisekunde 60 ambazo hakuna kampuni inayoweza kuzipunguza, na nyaya za baharini hazijanyooka. Wa Dar na wa Kigoma wote wanazilipa.

Kinachotuponza zaidi ni kuyumba. Pingi, yaani muda wa amri yako kwenda kwenye sava na jibu kurudi, ikisimama kwenye 120 jioni nzima, mkono huizoea. Ikiwa 60, kisha 400, kisha 80, hakuna mkono unaoizoea. Kwa hiyo nawaambia wachukue simu dhaifu kuliko zote kundini, waiweke mahali ambapo mwenye nayo huchezea kweli, wafungue gemu wanayoifikiria kati ya saa mbili na saa nne usiku wakati watu wote wako mtandaoni, na waitazame namba hiyo kwa mechi mbili. Ikiruka ovyo, gemu za risasi ziondolewe kwenye orodha bila mjadala, hata kama wengine watano wana simu nzuri. Among Us huvumilia mtandao mbovu, kwa kuwa kikao hakihitaji wepesi wa kidole. Angalieni pia kama gemu inafunga akaunti kwa ukanda au kwa aina ya kifaa, maana rafiki wa Bujumbura anaweza kujikuta upande ambao hamfikiani, na ni afadhali kulijua hilo kabla hamjapakua.

Kuhusu "bure" nitasema machache. Gemu nyingi za mtandaoni hula makumi tu ya MB kwa saa ya kucheza. Bando humalizwa na upakuaji wa kwanza, masasisho na maongezi ya sauti. Na kabla ya kukubali gemu, fungueni duka lake mwone linauza nini. Likiuza mavazi na kofia, mwacheni anayependa kofia anunue. Likiuza nguvu au kufupisha siku za kusubiri, basi mwenye mshahara atamzidi asiye nao, na kundi litavunjika kwa jambo lisilohusu uchezaji kabisa.

Lile kundi la sita lilichagua Among Us kwa siku za Ijumaa, na wawili kati yao wana dunia yao ya Luanti wanayoijenga siku nyingine. Ijumaa iliyopita nilikuwa natengeneza waya pembeni wakati wale watatu wanacheza, wengine wakiwa kwenye simu ya kundi. Dada wa Kibirizi aliuawa kabla hata ya kikao cha kwanza. Niliona kioo chake, mzuka wake ukipita ukutani kwenda kwenye nyaya. Mwenzake aliyekaa mkono wa kushoto akamuuliza kwa hila, "Shoga, bado upo?" Aliunganisha waya wa njano, akaunganisha mwekundu, na hakumjibu.