Slametan si kulisha mizimu

Kila nikifundisha juu ya Uislamu wa Indonesia, hakosekani mwanafunzi wa kuniambia kwamba Wajava, watu wa kisiwa cha Java, ni Waislamu wa jina tu, kazi yao kulisha mizimu. Kauli hii imenichosha, kwa sababu anayeitoa hajawahi hata kuuliza slametan, karamu yao ya dua, inafanywaje.

Basi hufanywa hivi. Majirani wanawake huingia jikoni mapema kumsaidia mwenye shughuli. Jioni wanaume hukaa mkekani, katikati pana tumpeng, wali uliopandishwa juu ukachongoka, na kuku mzima pembeni. Mwenyeji hueleza kwa Kijava sababu ya mwaliko, modin, kiongozi wa dini wa kijiji, husoma dua kwa Kiarabu, watu huitikia "amina". Huonja kidogo tu. Kinachobaki hufungwa, kila mmoja akaenda nacho kwake. Kwa marehemu hufanywa siku ya 3, ya 7, ya 40, ya 100, hadi ya 1000. Aliyewahi kukaa kwenye hitma ya arobaini hapa kwetu hahitaji maelezo zaidi.

Ndiyo, wapo wanaowataja wahenga na walinzi wa kijiji. Waislamu wa huko wenyewe wanabishana juu ya hilo: jumuiya ya Kiislamu ya Muhammadiyah, iliyoasisiwa Yogyakarta mwaka 1912, hulipinga, na ile ya Nahdlatul Ulama, ya mwaka 1926, huutetea mkusanyiko na dua zake. Ni mjadala wa wanazuoni wenye hoja. Kuwatoa mamilioni ya watu katika dini yao kwa ajili ya sinia la wali ni uvivu.

Kwamba Mkristo akihudhuria ameikana imani yake? Hapana. Ameitwa kwa kuwa ni jirani. Wakatoliki wa Kijava nao huwaombea wafu wao siku ya 40 na ya 1000, wengine kwa misa.

Kwamba watu wa Kudus, mji wa Java, hawachinji ng'ombe kwa kuwa bado ni Wahindu? Mapokeo yao husema Sunan Kudus, mmoja wa mawalii walioeneza Uislamu Java, aliwakataza Waislamu kuchinja ng'ombe ili wasiwaudhi majirani Wahindu. Hadi leo supu yao ya soto hupikwa kwa nyama ya nyati wa kufugwa.

Na wanaosema Java haina ugomvi wa dini pia wanakosea. Mwaka 2018, Kotagede, Yogyakarta, msalaba wa kaburi la Mkatoliki ulikatwa sehemu ya juu kwa matakwa ya wakazi. Ukitaka kuupima ujirani wa kijiji, usihesabu sherehe. Uliza nani huitwa jikoni, na nani huruhusiwa kuzikwa wapi.