Gesi ya Msimbati sio volkano, na volkano ya jirani yetu iko baharini

Juzi nilikuwa Msimbati, Mtwara, kunakochimbwa gesi, mama mmoja anayeuza pweza akanishika mkono, "Mwanangu, nyie si ndo watu wa mawe, hii gesi wanayoitoa huku chini si itakuja kulipuka volkano itumalize?" Nikakaa tukaongea, maana swali hili naulizwa sana Mtwara na Lindi na sipendi mtu alale na hofu isiyo na sababu.

Gesi yetu, ya hapa na ya Songo Songo, inatokana na mabaki ya mimea na viumbe vilivyofukiwa kwenye matope mamilioni ya miaka, joto la chini likavipika taratibu. Volkano ni kitu kingine kabisa, sio hata moto unaowaka, ni mwamba ulioyeyuka. Na wengi tunadhani chini ya ardhi kuna bahari ya moto inatafuta tundu tu. Hamna. Kule chini mwamba ni wa moto sana ila bado mgumu, umebanwa na uzito wa juu yake, unayeyuka sehemu chache tu, kwa mfano ardhi ikivutika ule mbano unaachia, ndo Bonde la Ufa, au sakafu ya bahari ikizama na maji yake chini ya bamba lingine, yaani kipande kingine kikubwa cha ganda la dunia, kama Indonesia, kwa sababu mwamba ukipata maji unayeyuka mapema. Hawaii wao joto linapanda kutoka chini sana.

Mwamba ukishayeyuka ndo tunauita magma, ni mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka kwa hiyo unapanda, na ndani umebeba gesi, hasa mvuke wa maji. Waliowahi kufunga uraka, pombe ya mabibo, kwenye dumu wakakaza kizibo wanajua gesi iliyobanwa inavyosukuma.

Sasa tofauti ya volkano na volkano kwa sehemu kubwa ni hiyo magma inatiririka kirahisi au imekaza, na kinachoikaza ni silika, ile iliyojaa kwenye mchanga na kioo. Yenye silika kidogo ni kama uji, mapovu yanapita yanatoka, zaha, yaani magma iliyofika nje, inatiririka. Nyiragongo kule Kongo ndo hivyo, 2002 na tena 2021 zaha ilikimbilia Goma. Yenye silika nyingi ni ugali wa muhogo ulioanza kukaza, povu halipati njia, likipasuka linakurukia mkononi. Pinatubo kule Ufilipino mwaka 1991 ililipuka hivyo, ikarusha majivu na gesi juu sana mpaka joto la dunia likashuka karibu nusu nyuzi. Hata umbo ni hivyo hivyo, uji unatandaa unajenga mlima mpana kama Mauna Loa wa Hawaii, ugali unarundikana unachongoka.

Ol Doinyo Lengai yetu haiingii kote huko na ndo mlima ninaoupenda kuliko yote, zaha yake ina magadi badala ya silika, joto lake nyuzi 500 hadi 600 tu wakati nyingine zinapita 1,000, inatoka nyeusi inakimbia kama maji, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa kitu kile. Na bado 2007 ikalipuka kwa majivu, kwa hiyo tabia ya mlima inaweza kubadilika.

Ila volkano hai iliyo jirani na sisi wa kusini sio Lengai, ni Karthala, kwenye kisiwa cha Ngazija huko Komoro, ukipima moja kwa moja ni karibu sawa na Mtwara hadi Dar. Zaha yake ni ya uji, lakini mwaka 2005 ilirusha majivu yakaingia kwenye mabirika ya maji ya mvua watu wanayotegemea.

Hapo yule mama akanyamaza. Hakuniuliza tena habari ya gesi, yeye kakulia Newala, maji ya kukinga bati anayajua. Akaniuliza, "Sasa watoto wao walikunywa nini?"